Ubovu unaojirudia kwenye mashine za leza una chanzo chake

KUANZIA Kariakoo hadi kwenye stendi za wilaya, siku hizi ni rahisi kukuta kibanda kinachofanya kazi ya kuchora na kukata kwa mashine ya leza. Hapo ndipo chama cha ushirika kinapopata muhuri wake wa mpira, shule inapoagiza tuzo za mahafali, na mwenye duka anapotengenezewa kibao cha jina. Mfugaji nyuki naye anapata hapo visanduku vya mbao vya kupangia chupa za asali, vimechorwa jina lake na namba ya simu, na bei yake sokoni inakuwa nyingine kabisa.

Kurasa hizi huzungumzia zaidi mbolea, mbegu na bei ya mahindi. Lakini mkulima anayefungasha mazao yake vizuri na mfanyabiashara mdogo anayemhudumia wamo katika mnyororo mmoja. Mashine ya pili ikisimama, wa kwanza naye anachelewa kupeleka mzigo. Ndiyo maana leo tunaizungumzia mashine hii, na hasa ubovu wake unaorudi kila baada ya wiki mbili tatu.

Wengi wa wamiliki wa mashine hizi wanamiliki zile ndogo zenye bomba la kioo lililojazwa gesi ambayo ndani yake mna kaboni dioksaidi. Teknolojia yenyewe si ngeni. Leza ya aina hii ilibuniwa mwaka 1964 na Kumar Patel katika maabara za Bell nchini Marekani, na kwa miaka yote hii magonjwa yake yamejulikana vizuri. Kwa hiyo tunapomsikia mmiliki akisema "hizi mashine za Kichina ndivyo zilivyo", hatukubaliani naye. Zipo zilizotengenezwa kwa ulegevu, ni kweli. Hata hivyo, mashine ambayo imebadilishwa lenzi mara tatu kwa mwaka na bado haikati haina tatizo la lenzi. Kuna kitu kinachoziua lenzi hizo, na kitu hicho hakijaguswa na mtu.

Tuiweke katika hesabu, kwa mfano tu. Tuseme mashine inamwingizia mwenyewe Sh50,000 kwa siku baada ya kutoa gharama za mbao, plastiki na mpira. Kwa siku 25 za kazi anapata Sh1,250,000. Rejesho la mkopo ni Sh400,000, pango Sh150,000, umeme Sh100,000 na kijana msaidizi Sh250,000. Jumla ni Sh900,000, na kinachobaki mkononi ni Sh350,000. Sasa mashine isimame siku nne kumsubiri fundi na kipuri: zinapotea Sh200,000 za mapato, na fundi analipwa Sh80,000. Zimebaki Sh70,000 za mwezi mzima. Mashine ikisimama siku mbili zaidi, mwenye mashine anakopa ili alipe mkopo.

Mtu anayeitazama hesabu hiyo ataona kwamba kinachoumiza zaidi ni siku za kukaa bure kuliko bei ya kipuri. Na siku hizo huja mara mbili, mara tatu, kwa ubovu uleule.

Wenye mashine za kusaga vijijini walilijua hili zamani. Mwenye mashine ya kusaga mwenye akili haulizi tu mkanda umekatika lini. Anauliza kwa nini umekatika upande mmoja, akachungulia kama puli mbili zimekaa mstari mmoja. Akifunga mkanda mpya juu ya puli zilizopinda, mwezi ujao atakuwa dukani tena. Mashine ya leza ina mikanda, puli, beringi na mota kama ile ya kusaga, ila midogo na yenye meno. Kinachoongezeka ni mwale, maji na umeme mkali, ambavyo vina tabia zao.

Jambo la kwanza tunalolitaka kwa kila mmiliki ni daftari. Si la mauzo, hilo tunaamini analo. Ni daftari la mashine: tarehe, saa, kazi iliyokuwa ikifanyika, ubovu ulitokea upande gani wa meza ya kukatia, joto la maji, na kilichobadilishwa. Baada ya miezi miwili daftari hilo linaanza kusema lenyewe. Mashine inayokata vizuri asubuhi na kudhoofu saa nane mchana inalalamikia joto. Inayokata vizuri kona moja na kushindwa kona ya mbali inalalamikia vioo au meza iliyoinama. Inayoharibu kazi kubwa tu, huku ndogo zikitoka salama, huenda skrubu yake inateleza polepole. Fundi akikuta maelezo ya namna hiyo anamaliza kwa saa moja kazi ambayo angeihangaikia siku nzima kwa kubahatisha.

Tuanze na lalamiko la kawaida kuliko yote: mashine haikati kama zamani.

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mwendeshaji anaona ubao wa milimita tatu uliokuwa ukikatika kwa pasi moja sasa unataka mbili. Anachofanya ni kuongeza nguvu. Ubao unakatika, anafurahi. Wiki moja baadaye anaongeza tena. Asichokijua ni kwamba lenzi ilikuwa na ukungu wa moshi, nayo inanyonya sehemu ya mwale na kuugeuza joto. Kadiri anavyoongeza nguvu ndivyo lenzi inavyochemka, na hatimaye inapasuka. Wakati huohuo bomba linasukumwa kupita mkondo wa umeme lililoundiwa. Mabomba madogo ya wati 40 kwa kawaida hayataki kupita miliampia 18 hivi, na karatasi iliyokuja na bomba ndiyo ya kufuatwa. Likisukumwa zaidi ya hapo linazeeka haraka, linadhoofu kweli, naye anaongeza nguvu tena. Mwisho ananunua lenzi na bomba, akimlaumu aliyemuuzia. Uchafu wenyewe ungetoka kwa pamba safi na matone machache ya alkoholi ya isopropili, ile ambayo mafundi simu husafishia bodi.

Na hata hapo hatujafika kwenye chanzo. Kwa nini lenzi ilichafuka? Mara nyingi ni kwa sababu pampu ndogo ya hewa inayopuliza kwenye ncha ya kichwa imechoka, au mpira wake umetoboka, moshi ukawa unapanda badala ya kusukumwa chini. Au feni ya kutolea moshi imejaa masizi, au bomba lake limekunjwa mara tatu likipita dirishani. Ukiweka kipande cha karatasi kwenye mdomo wa kufyonza moshi nacho hakishiki, hapo umeupata mzizi. Anayebadilisha lenzi bila kuisafisha feni ananunua lenzi ya mwezi mmoja.

Kuna kosa moja dogo linalofanywa na wengi wakati wa kusafisha, nasi tungependa lieleweke. Lenzi ikishatolewa hurudishwa upande wake wenye mbinuko ukitazama juu, kule mwale unakotoka. Ikigeuzwa, mashine inakata kwa mstari mnene na dhaifu, na mtu anaweza kuhangaika wiki nzima akitafuta ubovu ambao ameuweka mwenyewe kwa vidole vyake. Lenzi nyingi za mashine hizi zimetengenezwa kwa zinki na seleniamu, hivyo ikivunjika vipande visishikwe kwa mikono mitupu wala vumbi lake lisivutwe puani.

Kama lenzi ni safi na bado kona moja inasumbua, tazama vioo. Mwale hutoka kwenye bomba, hugonga kioo cha kwanza nyuma ya mashine, huenda kwenye cha pili kilicho juu ya daraja linalosogea mbele na nyuma, kisha cha tatu kwenye kichwa, ndipo unashuka kwenye lenzi. Kimoja kikiyumba kidogo tu, karibu hutaona kitu, lakini mbali mwale utakuwa umekwenda pembeni. Kipimo chake ni rahisi. Bandika utepe wa karatasi, ule wa mafundi rangi, mbele ya kioo cha pili. Sogeza daraja karibu na kioo cha kwanza, funga kifuniko, piga mwale mmoja mfupi kwa nguvu ndogo. Sogeza daraja hadi mwisho, piga tena. Alama mbili zikiangukia mahali pamoja, kioo cha kwanza kiko sawa. Zikiachana, ndicho cha kurekebisha, kwa skrubu zake, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Kisha fanya vivyo hivyo kwa kichwa, kikiwa karibu na kikiwa mbali, ukirekebisha kioo cha pili. Asiye na subira aiache kazi hii kwa mwingine.

Lakini tofautisha na meza iliyoinama. Mwale uliopotoka huacha alama dhaifu iliyohama. Meza iliyoinama, au ubao uliojikunja, huacha mstari uliopanuka, kwa sababu kitu kimetoka kwenye umbali sahihi wa lenzi. Pima umbali kutoka ncha ya kichwa hadi kwenye meza katika kona zote nne kabla hujagusa kioo chochote.

Halafu uliza kwa nini vioo vinapotoka kila mara. Tumeona mashine zimewekwa juu ya meza za mbao laini, pembeni kukiwa na jenereta au mashine ya kuranda. Kila siku mtikisiko unalegeza skrubu. Fundi anakuja kuzirekebisha, analipwa, anaondoka, na mtikisiko unaendelea na kazi yake. Meza nzito ya chuma iliyochomelewa mtaani ingemaliza mchezo huo.

Sasa maji. Bomba la leza hupozwa kwa maji yanayozungushwa na pampu, na kwa watu wengi "tangi" lenyewe ni ndoo ya lita 20. Mabomba haya hufanya kazi vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi joto 15 na 25 za Selsiasi. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa mwezi Februari, maji ya ndoo hiyo yanaanza kazi asubuhi yakiwa tayari yamepita hapo. Ikifika mchana ni moto, mwale umedhoofu, na mwendeshaji, kama tulivyosema, anaongeza nguvu.

Wajanja huweka barafu. Wazo si baya, ila lina mtego wake kwa watu wa pwani. Chupa ya soda baridi ikiwekwa mezani hutokwa na jasho, na bomba la leza lililopozwa kupita kiasi hufanya vilevile. Matone hukaa kwenye bomba na kwenye vioo, na karibu na ncha yenye umeme wa maelfu ya volti matone hayo ni hatari: umeme huruka nje ya njia yake, wakati mwingine huunguza hata kifaa cha kuzalishia umeme huo. Kwa mwenye kibanda cha pwani ni bora maji yawe nyuzi 24 au 25 bila jasho kuliko nyuzi 15 yenye matone. Pipa kubwa kivulini husaidia kuliko ndoo, kwa kuwa maji mengi huchelewa kupata joto. Mwenye uwezo anunue mashine ya kupozea maji yenye kikompresa chake, na sisi tungeiweka mbele ya mapambo mengine yote ya mashine. Wenzetu wa Njombe na Makambako hawana shida hiyo. Wao asubuhi za Juni na Julai waache tu mota zizunguke bila kazi kidogo kabla ya kuanza, grisi ilainike.

Maji yenyewe yawe yale yaliyosafishwa kwa mvuke, yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta kwa ajili ya kuongezea kwenye betri za magari. Tunasisitiza: ya kuongezea, si asidi. Maji ya kisima cha pwani yana chumvi, na chumvi hupitisha umeme, jambo ambalo kwenye bomba lenye volti nyingi hivyo halitakiwi kabisa. Aidha, huacha ukoko ndani ya bomba. Maji yakianza kuwa ya kijani, ni mwani. Mwaga, osha, weka mengine, kisha ziba pipa lisiingie mwanga. Viputo vya hewa vilivyoganda ndani ya bomba navyo vitolewe kabla ya kuwasha mwale, kwa kuwa palipo na kiputo kioo hakipozwi, nacho hupasuka.

Na pampu ikifa wakati mwale unafanya kazi, bomba linaweza kupasuka kwa muda mfupi sana. Ipo swichi inayozima mwale maji yakiacha kutiririka. Mashine ndogo nyingine huja bila swichi hiyo. Ni kitu kidogo, na mwenye mashine asiyekuwa nayo anaibeba biashara yake yote juu ya pampu ya bei ya chini kuliko yote iliyomo kibandani.

Kuhusu mikanda tutasema machache. Herufi zikitoka na kivuli pembeni, au duara likawa kama yai, mkanda umelegea au magurudumu ya kichwa yamelika. Kaza, lakini usikaze kama uzi wa gitaa. Mkanda uliokazwa mno hula beringi na kuichosha mota. Mraba ukitoka umelala upande, pima pembe kwa pembe kama fundi mwashi anavyopima msingi. Vipimo visipolingana, upande mmoja wa daraja umetangulia mwenzake, na mikanda miwili ya pembeni haijakazwa sawa.

Picha ikihama katikati ya kazi ni habari nyingine, na hii ndiyo inayowafanya watu wanunue mota bure. Puli imeshikwa kwenye mhimili wa mota kwa skrubu ndogo isiyo na kichwa. Skrubu hiyo hulegea. Chukua kalamu ya wino mzito, chora mstari mmoja unaopita kwenye puli na kwenye mhimili. Fanya kazi ya nusu saa. Ukirudi ukakuta mstari umeachana, mota ni nzima, skrubu ndiyo inayoteleza. Ikazwe, na iwekewe tone la gundi ya kuzuia skrubu isilegee. Mstari ukiwa haujaachana, safisha reli za vumbi na masizi, punguza mwendo, angalia kama nyaya zinavuta kichwa. Baada ya hapo tu ndipo mtu aanze kuifikiria mota.

Kichwa kinachogonga ukuta wa mashine kila kinapowashwa, kwa kawaida hakina wazimu wowote. Swichi ya mwisho wa njia, ile inayokiambia kwamba kimefika nyumbani, imejaa masizi au waya wake umekatika ndani ya ganda.

Umeme ni eneo ambalo hatutaki utani. Vibanda vingi vya kupanga havina waya wa ardhi unaofanya kazi, hata kama soketi ina matundu matatu. Mashine ya leza isiyo na waya wa ardhi humpiga mwendeshaji shoti ndogo ndogo, na kompyuta yake hukata mawasiliano katikati ya kazi bila sababu inayoonekana. Watu hubadilisha kebo, hubadilisha programu, hata kompyuta. Fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini na fundi umeme aliyesajiliwa ingemaliza hayo, na pengine kuokoa maisha. Stebilaiza nayo ni ya lazima kwenye maeneo ambayo umeme hupanda na kushuka. Na hata mashine ikizimwa, ule umeme mkali unaweza kubaki kwenye kifaa chake kwa muda. Mtu ambaye si fundi wa kazi hiyo asiingize mkono huko.

Kuna swichi nyingine inayozima mwale kifuniko kikifunguliwa. Tumekuta imefungwa kwa waya ili kijana aone kazi inavyokwenda. Mwale huu hauonekani kwa macho, na miwani ya jua si kinga. Jicho likichomwa, hakuna hesabu ya mapato itakayolirudisha. Hali kadhalika, mashine isiachwe peke yake ikikata mbao au plastiki, hata kwa dakika za kwenda kununua vocha. Moto huanzia kwenye kipande kidogo, na kizimamoto kiwe mkononi, si stoo.

Ipo sababu nyingine ya kutu kwenye reli na beringi, ambayo wamiliki huitupia hewa ya bahari. Ni ile ngozi bandia ya PVC inayoletwa na wateja wa pochi na viti. Ikichomwa na leza hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi, na gesi hiyo ikikutana na unyevu inakuwa asidi. Inakula vyuma vya mashine, na mapafu ya aliyesimama hapo pia. Kazi ya namna hiyo ikataliwe, mteja awe nani. Anayetaka kuchora jembe au panga naye aelezwe ukweli: leza ya bomba la gesi haiandiki kwenye chuma kitupu, labda kipakwe rangi au dawa maalumu. Kwa kazi hiyo ipo leza ya aina nyingine, na kulazimisha kwa kuongeza nguvu ni kuua bomba.

Yote hayo ni ya mwenye mashine. Lakini hatuwezi kumwachia mzigo wote.

Wauzaji wengi wanauza mashine kama wanavyouza televisheni: lipa, pakia, kwaheri. Kitabu cha maelekezo kimeandikwa kwa Kichina au kwa Kiingereza kisichoeleweka, na kipuri cha Sh20,000 kinasubiri meli. Tunaamini muuzaji anayechukua mamilioni ya mfanyabiashara mdogo hawezi kushindwa kutoa kurasa nne za Kiswahili zenye michoro, na mafunzo ya siku mbili kabla ya kupokea malipo ya mwisho. Mnunuzi naye asilipe malipo hayo ya mwisho mpaka aone mashine ikichora mraba uleule katika kona zote nne za meza, na ikifanya kazi saa mbili mfululizo mchana, wakati wa joto.

SIDO imekuwapo tangu mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, na sheria iliyoanzisha VETA ni ya mwaka 1994. Taasisi hizi mbili ndizo zenye karakana mikoani. Kozi fupi ya wiki moja ya matengenezo ya mashine zinazoendeshwa na kompyuta, ikilenga wamiliki na vijana wao badala ya mafundi peke yao, haihitaji jengo jipya. Mafundi wa mashine za kudarizi na za kuchapa mabango nao wangefaidika, maana mikanda, mota na swichi ni vilevile.

Upande wa mikopo tuna neno pia. Vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu hupata mikopo isiyo na riba kutoka asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, utaratibu uliosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Kikundi kinachoomba fedha za mashine huandika bei ya mashine, kompyuta na labda meza. Maafisa wanaopitia maombi hayo wangeuliza: stebilaiza iko wapi? Waya wa ardhi? Chombo cha kupozea maji? Kama havimo, fedha zilizoombwa hazitoshi, na ni afadhali kununua mashine ndogo iliyokamilika kuliko kubwa iliyo uchi. Mkopo usio na riba nao hurejeshwa, na mashine iliyozima hairejeshi chochote.

Tunapendekeza pia wamiliki walio katika mji mmoja washirikiane akiba ya vipuri, kama wenye matrekta wanavyoazimana. Hapa pana tahadhari. Wengi wakisikia akiba hukimbilia bomba, kwa kuwa ndilo ghali na ndilo linaloogopwa. Lakini gesi iliyomo ndani ya bomba la kioo hupungua ubora hata likiwa ndani ya boksi lake, hivyo bomba lililokaa stoo miaka miwili linaweza kufungwa likiwa tayari limechoka. Fedha za kikundi ziende kwanza kwenye pampu ya maji, pampu ya hewa, lenzi mbili, seti ya vioo, mita chache za mkanda wa meno unaolingana na puli za mashine zao, swichi za mwisho wa njia, fyuzi, na kifaa kimoja cha kuzalishia umeme wa bomba. Bomba liagizwe pale tu daftari linapoonyesha kwamba lenzi ni safi, vioo vimenyooka, maji ni baridi ya kutosha, na bado mshale wa miliampia unasoma vilevile huku ubao haukatiki.